Siku Nyumba ya Anastasie Ilipokaguliwa

Kabumbe kilikuwa kijiji kidogo chini ya Sake, nyumba thelathini hivi zilizobanana kati ya ziwa na ile miamba myeusi iliyobaki baada ya moto wa mlima kushuka hadi majini mwaka wa thelathini na nane. Watu wake walikuwa wakulima, Wakristo wa siku nyingi, wenye maharage na mihogo yao kwenye miteremko ya juu na mitumbwi michache ufukweni. Ng'ambo ya maji kulikuwa na Goma. Kila alasiri, jua lilipoinama kuelekea milima ya Masisi, mabati ya Goma yalimeta yote kwa pamoja, na mtu yeyote aliyekuwa akipalilia Kabumbe aliinua kichwa akatazama, hata kama alikuwa ametazama jana na juzi.

Béata alitazama kuliko wengine, na alikuwa na sababu.

Alipokuwa na miaka kumi na saba aliposwa na Grégoire, kijana aliyekuwa amemaliza shule ya misioni. Baba yake Béata, mzee Sebarenzi, hakukataa. Alisema kijana atafute kazi kwanza. Grégoire akapata kazi ya ukarani mdogo huko Walikale, katikati ya msitu, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Stanleyville. Kutoka huko aliandika barua, na Béata, aliyekuwa amejifunza kusoma kwenye katekisimu, alimjibu mara mbili. Mwaka wa tatu Sebarenzi akachoka kungoja. Alisema mtu aliyemezwa na msitu ule harudi, na akirudi anarudi na mke wa huko. Akamwoza binti yake kwa Védaste, mwanamume mpole mwenye ng'ombe watatu na shamba zuri.

Miezi saba baada ya harusi hiyo, Grégoire alirudi. Hakuwa na mke. Alikuwa amehamishiwa bandari ya Goma, ofisi ya mizigo, na alijenga nyumba yake Kabumbe ili awe karibu na mama yake, bibi Nyiraneza. Mwaka uliofuata akamposa Anastasie.

Anastasie na Béata walikuwa marafiki tangu utoto. Walibatizwa siku moja, wakachunga mbuzi kwenye kilima kimoja. Kabla ya kujibu posa, Anastasie alikwenda kwa Béata, akamkuta anapura mtama, akamuuliza kama jambo hilo lingemuumiza. Béata alicheka. Alisema yeye ana bwana yake, na mwenzake awe na wake. Kisha akaendelea kupura mpaka Anastasie alipoondoka, na kwa muda mrefu baada ya hapo, ingawa mtama ulikuwa umekwisha kutoka wote.

Mwanzoni kijicho chake kilikuwa kidogo, akakiita uchovu. Grégoire aliondoka Jumatatu kwa boti ya mizigo na kurudi Ijumaa, na kila aliporudi kulikuwa na kitu. Mara meza, na baada ya meza viti vinne. Mara sahani za bati nyeupe zenye ukingo wa buluu. Mara pasi ya makaa. Bati la paa lilikuja kwa mtumbwi wa Hakorimana, msafirishaji wa kijiji, na watu wakashuka ufukweni kusaidia kubeba. Védaste naye alibeba, kwa furaha, kwani hakuwa mtu wa kuona haya kwa mali ya mwenzake. Béata alimtazama bwana yake akipanda mteremko na bati kichwani, bati la nyumba ya mwanamume mwingine, na alimchukia kidogo kwa furaha ile.

Halafu Anastasie akaanza kwenda mwenyewe ng'ambo. Masista wa Goma walikuwa wamefungua foyer, shule ya wake za makarani, ambako walifundishwa kushona, kupiga pasi na kumwogesha mtoto kwenye beseni. Alivuka kila Jumatano kwa mtumbwi wa Hakorimana na kurudi Alhamisi, akiwa na viatu mkononi ili visilowe. Aliporudi alipitia kwa Béata kwanza kabla ya kwenda kwake. Alimweleza kila kitu: maduka ya Wahindi, taa zilizowaka bila mafuta, mwanamke mmoja aliyepanda baiskeli huku amevaa kofia. Alimletea vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kushona. Béata alishukuru, akavishona kuwa nguo za watoto wake wawili, na kila alipowavalisha aliona vizuri kwamba wanavaa masalio ya Anastasie. Matusi yangemuuma kidogo zaidi, maana tusi lingemruhusu kujibu.

Lakini kitu kilichomtesa kweli hakikuwa kwenye sanduku lolote. Jumapili alasiri Grégoire alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba na kumsomea mke wake gazeti kwa sauti. Shamba la mihogo la Béata lilipakana na ua ule. Alikuwa akiisikia sauti, sauti ileile ambayo aliiwazia aliposoma barua za Walikale, na alijua kwamba Anastasie alikuwa akisinzia. Anastasie hakupenda kusoma. Alisoma kwa kukokota, kidole kwenye mstari. Béata alisoma vizuri, na hakuna mtu aliyemsomea wala aliyemwomba asome.

Jambo moja tu Anastasie hakuwa nalo, na Béata alimhurumia kwa moyo mweupe kwa ajili ya hilo: watoto. Wa kwanza alikufa akiwa na mwezi mmoja, wa pili kabla ya ubatizo. Mimba ya tatu ilipofika, bibi Nyiraneza, mama yake Grégoire, alisema hatakubali kuzika tena. Béata ndiye aliyemsindikiza Anastasie juu ya Sake, kwa mwanamke mmoja aliyejulikana kwa dawa, wakarudi na hirizi: kifuko cha ngozi kidogo kama ukucha wa dole gumba, kilichofungwa kwa uzi mweusi. Mtoto alizaliwa, akaitwa Théoneste, akaishi. Hirizi ilikaa kiunoni mwake kila juma kuanzia Jumatatu, na Ijumaa, kabla boti haijafika, Anastasie aliivua na kuificha kwenye chungu cha maharage. Grégoire hakujua. Wanawake watatu ndio waliojua: mama mkwe, Anastasie na Béata.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka wa hamsini na tatu, wakati Grégoire alipoomba karte.

Karte ilikuwa karatasi ya serikali iliyothibitisha kwamba mwenye nayo ni mtu aliyeendelea. Watu walisema mwenye karte hapigwi kiboko, na kwamba ofisini anaitwa Bwana. Lakini kabla ya kuitoa, watu wa serikali, ama Leta kama ilivyoitwa Kabumbe, walikuja nyumbani kwa mwombaji. Walitazama anavyolala na anavyokula, wakamhoji mke wake, wakauliza kama ana mke wa pili, kama analewa, kama nyumbani mwake kuna mambo ya uchawi. Kabumbe nzima ilijua, kwa sababu hakuna mtu wa Kabumbe aliyewahi kuomba kitu kama hicho.

Anastasie alikuja kwa Béata akiwa na hofu. Alisema watamuuliza asome, naye atakwama. Alisema hajui kama uma unawekwa kushoto ama kulia, ingawa masista walimwonyesha mara kumi.

"Nisaidie, dada," alisema. "Weye njo unajua mambo. Mie nikiona mutu wa Leta nasahau hata jina yangu."

Béata alimsaidia. Kwa majuma matatu alikwenda kila jioni nyumbani kwake. Alimsomesha ukurasa mmoja wa kitabu cha sala mpaka Anastasie akaujua kwa moyo na kuweza kujifanya anausoma. Alipaka kuta chokaa. Alipanga sahani kwenye rafu, akashona mapazia, akahamisha kitanda ili mwanga umwangukie msalaba ukutani. Mikono yake ilijua kila kitu kinapaswa kukaa wapi, na kadiri nyumba ilivyopendeza ndivyo alivyozidi kuona kwamba alikuwa akijipangia mwenyewe. Ijumaa ya mwisho Grégoire aliingia na kusimama mlangoni, akatazama pande zote. Alimsifu mke wake. Anastasie alisema kwamba Béata amesaidia, naye Grégoire akageuka na kumwambia asante, kwa upole, kama mtu anavyomshukuru fundi. Béata alikwenda nyumbani, akampikia Védaste, hakula.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Boti ya injini ilifika kabla ya saa nne ikiwa na Mzungu mmoja wa serikali, padri mwenye ndevu ambaye Kabumbe walimfahamu, na karani Mwafrika kutoka Goma mwenye mkoba. Grégoire, aliyevuka alfajiri kutoka kazini, aliwapokea ufukweni akiwa na koti. Béata alikuwa ameombwa kuja mapema ili apike kahawa na kumshika mtoto. Bibi Nyiraneza alikaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, kwani alikuwa ameambiwa asionekane sana.

Wakaguzi walitazama choo na jiko, wakafunua vyungu viwili. Anastasie aliulizwa maswali, akajibu kwa sauti ndogo lakini hakukwama. Alifungua kitabu cha sala mahali pale pale walipokubaliana na kusoma ukurasa wake bila kosa. Mzungu aliitikia kwa kichwa akiwa ameridhika na karani akaandika. Grégoire alimtazama mke wake kwa uso ambao Béata, aliyesimama mlangoni na sinia la vikombe, hakuwahi kuuona kwa mwanamume yeyote aliyemtazama yeye.

Mtoto akalia. Alikuwa amejilowesha. Anastasie alimfanyia Béata ishara, na Béata akamchukua hadi chumba cha nyuma kumbadilisha.

Baadaye, kila alipojaribu kujitetea, Béata alijikuta anakwama kwenye jambo moja: hakukuwa na haraka. Alimfuta mtoto polepole, akamvalisha kaptula kavu. Chungu cha maharage kilikuwa pale pembeni, kile ambacho hawakukifunua. Alitia mkono ndani hadi kifundo, maharage yakiwa ya baridi, akaipata hirizi. Aliifunga kiunoni mwa mtoto, akaifunika na shati. Mtoto alimchekea, kwa sababu alizoea kufungwa uzi ule. Béata alikuwa na muda wa kuufungua, kwani sebuleni walikuwa bado wanakunywa kahawa na padri alikuwa akisimulia jambo lililomchekesha Mzungu. Hakuufungua. Alimbeba mtoto akamrudisha sebuleni, na padri, kama alivyofanya kwenye kila nyumba yenye mtoto mdogo, akanyoosha mikono na kumwinua juu.

Shati lilipanda. Kifuko kikaning'inia mbele ya ndevu za padri.

Padri alimshusha mtoto magotini mwake, akakishika kifuko kwa vidole viwili. Aliuliza ni kitu gani, kwa sauti ya chini, kama anayetaka aambiwe kwamba ni kitu kingine.

"Niliitoa, Padri," Anastasie alisema. "Asubuhi ya leo niliitoa na mukono yangu."

Ndipo alipojua alichosema. Grégoire alimgeukia, na kila mtu chumbani aliona kwamba hakuwa na habari. Karani alifunga mkoba wake. Mzungu alisimama, akamwambia Grégoire kwamba jibu litapitia ofisini, akatoka bila kumaliza kahawa. Boti iliwashwa, ikaondoka, na watu wa Kabumbe waliokuwa wamekaa ufukweni wakingoja habari njema wakatawanyika mmoja mmoja.

Grégoire hakumpiga mke wake wala hakupaza sauti. Aliuliza nani alimfunga mtoto. Anastasie hakusita: alisema ni mama. Siku zote bibi Nyiraneza alikuwa akinung'unika kwamba mtoto asiachwe uchi bila kinga, hata kwa saa moja. Tena jana yake tu walibishana juu ya hilo, na mlango wa chumba cha nyuma ulitazama jiko alikokaa. Bibi aliitwa kutoka nyuma ya jiko.

"Sikugusa mutoto leo," alisema. "Niliambiwa nikae huku, nikakaa."

Hakuna aliyemwamini. Béata alikuwa akiosha vikombe. Hakuna mtu aliyemuuliza kitu, naye aliosha vikombe vyote sita, akavifuta, akavirudisha kwenye rafu kwa mpangilio wake.

Juma lile Grégoire alimpeleka mama yake kwa ndugu yake mdogo, juu kabisa Masisi, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kisha akachukua chumba kwenye kambi ya wafanyakazi wa bandari, ng'ambo, na akaanza kurudi Kabumbe mara moja kwa mwezi. Alimwambia mkewe kwamba hawezi kula meza moja na mtu aliyemdanganya miaka miwili. Jibu la ofisi lilikuja: hapana.

Mwanzoni Béata alilala vizuri. Jumapili hapakuwa na sauti tena upande wa pili wa mihogo. Anastasie aliacha kwenda foyer, alikonda, na alitembea bila viatu kama wanawake wengine. Alikuja kwa Béata kila siku, akakaa jikoni kwake, akalia na kujilaumu. Hakuwa na mtu mwingine. Béata alimpa uji na kumwambia atulie. Alijiona mwema katika kufanya hivyo, na wema ule ulikuwa na utamu wake.

Utamu ulikwisha siku Hakorimana alipoleta habari kutoka ng'ambo. Alisema amemwona Grégoire mara tatu na mwanamke aitwaye Jeannette, mjane anayeuza mikate karibu na gati, na kwamba mara ya tatu Grégoire alikuwa amekaa mlangoni kwake anamsomea gazeti.

Anastasie aliposikia alifunika uso kwa kitenge. Béata ndiye aliyekosa pumzi. Alimuuliza Hakorimana mwanamke huyo ana umri gani, amevaaje, ni mweupe ama mweusi, anajua kusoma ama hajui. Aliuliza mpaka Hakorimana akashangaa na kumtazama, halafu akamtazama mke mwenyewe aliyekuwa kimya. Siku zile Béata alipalilia mahali alipokwisha kupalilia. Usingizi ulimtoka. Alimwona Jeannette asiyemjua, akiwa na mikono yenye unga, akisikiliza. Na ilikuwa hapo, akiwa ameinama shambani na jembe mkononi, alipoelewa kwamba mke wa Grégoire alikuwa na huzuni tu, na kwamba wivu wote wa nyumba ile alikuwa nao yeye, ambaye haikumhusu.

Aliacha kukomunika, yaani kupokea mwili wa Bwana. Jumapili ya kwanza watu walidhani amekula kabla ya misa. Ya tatu Védaste alimuuliza kama anaumwa. Alisema anaumwa tumbo.

Mwezi wa kumi na moja ilikuja habari kwamba bibi Nyiraneza ni mgonjwa. Anastasie aliamua kumpelekea mtama na chumvi, akamwomba Béata wafuatane, kwa kuwa njia ni ndefu na mtoto ni mzito kubebwa na mtu mmoja. Walipanda alfajiri, wakapokezana mtoto, wakapita mashamba ya pareto ya Wazungu, wakafika jioni huku mvua ikianza.

Bibi alikuwa amelala karibu na moto. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, akawatambua kwa sauti. Anastasie alimwomba msamaha kwa kutokuja mapema. Bibi alimjibu kwamba hana hasira, ila angependa jambo moja lijulikane kabla hajafa: kwamba yeye hakumgusa mtoto siku ile. Alilisema bila kulia, kama mtu anayetaja mpaka wa shamba lake. Anastasie aliinamisha kichwa, akasema ndiyo mama, kwa sauti ya mtu anayemridhisha mgonjwa, kisha akatoka nje kutafuta kuni kavu.

Bibi alinyoosha mkono hewani mpaka ukampata Béata.

"Mie nilikuwa nataka akuoe weye," alisema. "Nilimwambia Sebarenzi angoje mwaka moja tu. Akakataa. Anastasie ni mutoto mwema, lakini nilikuwa nakutaka weye mu nyumba yangu."

Béata alikuwa ameyataka maneno yale kwa miaka saba, kutoka kwa mtu yeyote wa nyumba ile, na sasa aliyapokea kutoka kwa mwanamke aliyefukuzwa kwa ajili yake. Aliuacha mkono ule mkavu ukae juu ya wake mpaka bibi akasinzia.

Kesho yake waliteremka. Mtoto alilala mgongoni mwa mama yake. Walipofika mahali ambapo njia inapita kati ya migomba na ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, Béata alisimama.

"Mama hakumufunga mutoto," alisema. "Njo mimi. Nilitoa hirizi mu chungu nikamufunga."

Béata alingoja kofi, ama kilio. Alikuwa amejiandaa kwa vyote viwili.

"Juu ya nini?" Anastasie aliuliza.

"Wivu tu."

"Wivu ya nini? Kila kitu nilikuwa nakugawia."

"Njo hiyo yenyewe," Béata alisema. "Nilikuwa nachoka kugawiwa."

Anastasie alirekebisha kitenge kilichomfunga mtoto.

"Mambo yangu yote nilikuambia weye," alisema. "Hata bwana yangu sikumuambia. Sasa tangulia ao baki nyuma. Tusitembee pamoja."

Béata alibaki. Alikaa kwenye jiwe mpaka mgongo wa Anastasie ulipopotea kwenye kona, akasali makumi matatu ya rozari ili asimfikie, ndipo akaondoka. Aliingia Kabumbe peke yake, jua likiwa limekwisha kuzama.

Anastasie hakutangaza. Siku tatu baadaye alikodi wanaume wanne, wakapanda Masisi na kumteremsha bibi Nyiraneza kwa machela. Alipanda naye na mtoto kwenye mtumbwi wa Hakorimana, akavuka hadi Goma, akamkuta Grégoire kwenye ofisi ya mizigo mbele ya wenzake, akamwambia mambo mawili: kwamba mama yake alisema kweli, na kwamba hirizi aliifunga Béata. Juu ya kosa lake mwenyewe, alisema kwamba alizika watoto wawili na hakutaka kuzika wa tatu, na kama hilo halisameheki basi amwambie pale pale ili ajue. Hakorimana, aliyekuwa amebeba mizigo hadi mlangoni, alisikia yote. Alisema Grégoire alikwenda kwanza kupiga magoti mbele ya mama yake kwenye saruji, na makarani wakageuza nyuso zao. Habari za Jeannette hazikusikika tena.

Jumapili iliyofuata Grégoire alikuja kwenye ua wa Védaste. Hakukubali kiti. Alieleza kwa maneno machache yaliyotokea, akimtazama Védaste peke yake, kana kwamba Béata hakuwa pale ameketi kwenye kinu. Alisema hakuja kudai kitu. Alikuja kwa sababu wengine wangemwambia Védaste, na alitaka asikie kutoka kwake. Kisha akashuka ufukweni. Nyumba ya bati aliiuza kwa mwalimu wa shule, na familia yake ikahamia Goma, kwenye nyumba ya matofali ya wafanyakazi wa bandari. Neema ile ambayo Béata alijaribu kumzuilia Anastasie, alimfikishia mwenyewe kwa maneno aliyoyasema njiani.

Védaste alingoja mpaka watoto walipomaliza kula.

"Ulikuwa unataka vintu vyake ao bwana yake?" aliuliza.

Béata angeweza kusema vitu. Angesamehewa mapema zaidi.

"Sijuwe," alisema. "Vyote vilikuwa pamoja."

Védaste alisimama akaenda kutazama ng'ombe. Hakumfukuza, wala hakumnyima kitu. Lakini tangu siku ile alibadilika. Béata alipokwenda kuchota maji ufukweni alimkuta nyuma yake, amesimama tu. Mtu kutoka ng'ambo alipotaja jina la Grégoire, Védaste hakumtazama msemaji, alimtazama mkewe. Alikagua uso wake hivyo mwaka mzima, na yeye aliyezoea kutazama sasa alijua uzito wa kutazamwa. Alikwenda kuungama Sake kwa padri asiyemfahamu, akarudi kwenye komunyo. Alimwandikia Anastasie barua mbili. Hakuna iliyojibiwa, na hakuandika ya tatu.

Mara moja tu walionana, kwenye mazishi ya bibi Nyiraneza, mwaka wa hamsini na tano. Anastasie alikuwa na mimba nyingine na viatu vyeusi. Alipita akipeana mikono na kila mtu wa Kabumbe, akampa Béata naye, akasema asante kwa kufika, akaendelea kwa mwingine. Siku chache baadaye Hakorimana alisema kwamba Grégoire ameomba tena karte na safari hii amepewa. Béata alikuwa akichambua maharage. Alisikia kitu kikimchoma kidogo chini ya mbavu, kidogo kuliko zamani, akaendelea kuchambua.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, kaka yake Védaste alituma ujumbe kwamba kuna shamba karibu na lake, juu Masisi, udongo mweusi, maji ya kijito. Védaste alilifikiria siku kadhaa. Kisha alasiri moja alikwenda kumkuta mkewe kwenye mihogo, akasimama mbele yake, mgongo wake kwa ziwa.

"Kule juu Goma haionekanake," alisema. "Utaweza?"

Béata alijifuta jasho. Angeweza kumwahidi mengi, naye Védaste angependa kuahidiwa.

"Sijuwe," alisema. "Twende tuone."

Védaste akachukua jembe la pili lililolala kwenye mtaro, akaanza kung'oa mihogo kutoka upande mwingine wa tuta, kwa kuwa ilibidi ing'olewe yote kabla ya kuhama.